Marejesho ya Blandina

Mzee Awadhi hakuwa na kawaida ya kuja kudai kodi. Kodi ilimfuata mwenyewe kwa binti yake Upanga kila baada ya miezi sita, na Blandina ndiye aliyekuwa akiipeleka, akapewa chai, wakaongea habari za watoto, akarudi zake dukani. Kwa hiyo Jumapili ile alipomwona mzee anapanda ngazi kuja ghorofa ya tatu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeinua kanzu isimkwaze, akawahi kumpokea. Mwenye nyumba wa umri ule hapandi ngazi bila jambo zito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe maji kwanza."

Akapewa maji. Akapewa kiti cha karibu na dirisha, akakaa akihema, akitazama Mtaa wa Mahiwa ulivyotulia. Siku hiyo moja tu kwa wiki ndipo mtaa ule ulipoonyesha lami yake. Siku nyingine zote ulifunikwa na meza za machinga, mikokoteni na marobota ya nguo.

Gaudens, mume wa Blandina, akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati. Mzee hakuzunguka.

"Nahamia Tanga kwa mwanangu. Miguu hii imeshachoka na Dar. Nyumba nauza. Kuna mfanyabiashara wa viatu hapa Mtaa wa Aggrey. Anatoa milioni mia moja na thelathini, taslimu. Anataka kuifanya stoo. Mimi nimelea watoto watano humu ndani, mke wangu amefia chumba kile pale. Sitaki humu zilale katoni za viatu. Nyie mmekaa na mimi miaka kumi na moja, hamjanisumbua hata siku moja. Nawapa kwa mia na ishirini. Ila sina umri wa kusubiri sana. Idi Kubwa ikipita bila jibu, nampa mtu wa viatu."

Idi Kubwa ilikuwa miezi miwili na siku kadhaa mbele.

Mzee alipoondoka, mume na mke walikaa kupiga hesabu. Walikuwa na milioni arobaini benki, jasho la miaka tisa, na milioni hizo zilikuwa na mpango wake tayari. Tarsis, kaka mkubwa wa Gaudens, alishawatafutia kiwanja Kibaha, robo eka, karibu na chake. Wangenunua, wangejenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kama watu wote walivyofanya.

"Mama Nice, sema unachowaza," alisema Gaudens.

"Nawaza kwamba duka langu liko dakika tano kutoka mlango huu."

Duka hilo lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe. Blandina aliuza vitambaa vya mapazia: vizito vya sebuleni, neti za dirishani, pete na fimbo zake. Alikuja Dar kutoka Rombo akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akauza katika duka la shangazi yake, akajifunza kupima kitambaa kwa jicho na mteja kwa sauti, na alipofikisha miaka thelathini akafungua lake. Wateja wake wa jumla walitoka Lubumbashi, Moroni, Songea, Mbeya. Wengi walishuka kwenye basi alfajiri na kutaka kuondoka jioni, na aliyefungua mapema ndiye aliyeuza. Kutoka Kibaha, kufungua mapema kungemaanisha kuamka saa tisa usiku maisha yake yote.

"Nyumba ya milioni mia na ishirini," Gaudens alisema, "na tuna arobaini. Themanini tunatoa wapi?"

"Benki."

Tarsis alipopata habari alikuja siku ya pili yake, hata soda hakuimaliza. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema aliyeipenda familia ya mdogo wake, na kwa sababu hiyohiyo aliongea kwa ukali. "Mkopo wa nyumba ni kujifunga kamba shingoni, shemeji. Watu wameuziwa nyumba zao na benki mchana kweupe, vitanda viko barabarani. Kiwanja hakikudai. Ukikosa hela mwaka huu, kinakusubiri."

"Kweli kinanisubiri, shemeji," Blandina alimjibu kwa heshima, "lakini wakati kinanisubiri bado nalipa kodi. Kodi ya miaka kumi na moja tumelipa, hakuna hata msumari wa hapa ulio wetu."

Tarsis akatikisa kichwa, akaaga. Mlangoni akamwambia Gaudens kwa Kirombo aangalie sana, mkewe amekolea.

Kweli alikuwa amekolea. Wiki ile Blandina alipita benki moja baada ya nyingine wakati wa mchana jua linapopunguza wateja, akikusanya vipeperushi. Na kile kilichomfurahisha zaidi ya vyote aliletewa mpaka dukani na kijana mmoja mchangamfu aitwaye Robert, ofisa masoko wa benki ambayo matangazo yake yalijaa redioni msimu ule. Kijana alivaa tai ya bluu, akamsifia neti zake, akafungua kompyuta mpakato juu ya robota la kitambaa.

"Mama, wengine wote wanakutajia riba ya asilimia kumi na tano, kumi na saba. Sisi tunakupa kumi na moja. Kumi na moja tu! Milioni themanini, miaka kumi, rejesho lako kila mwezi ni milioni moja na laki nne. Halibadiliki mpaka unamaliza."

Blandina aliipenda hiyo kumi na moja. Aliipenda kama mtu anavyopenda bei ya kwanza anayotajiwa baada ya kuzunguka soko zima. Alikuwa ameshashika peni. Kilichomzuia ni tabia yake ya dukani tu. Alikuwa na wateja wa mikoani aliowakopesha mzigo, na kila aliyepunguza deni, daftarini lilisomeka lile lililobaki tu.

"Hebu niambie kitu kimoja, mwanangu. Nimelipa miaka minane. Nimebakiza kidogo tu. Mwaka wa tisa hiyo kumi na moja mnaihesabu kwenye hela gani?"

"Kwenye milioni themanini, mama."

"Lakini wakati huo sidaiwi milioni themanini."

Robert alitabasamu, si kwa ubaya. "Ndiyo utaratibu wa riba hii, mama. Inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndiyo maana rejesho halibadiliki."

"Na nikipata hela ya ziada, nikaja kupunguza?"

"Unaweza kulipa kabla, ila riba yote ya miaka kumi inabaki palepale."

Blandina aliirudisha peni mezani. Akamshukuru, akampa soda, akamwambia atampigia.

Jioni ile, sahani za ugali na dagaa zikiwa bado mezani, Gaudens alichukua simu yake akaanza kuhesabu. Kazi yake ilikuwa ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kodi, ushuru na asilimia ndivyo vilivyomlisha. Kumi na moja ya themanini kwa mwaka ni milioni nane na laki nane. Mara miaka kumi ni themanini na nane.

"Tunakopa themanini, tunarudisha mia na sitini na nane," alisema taratibu. "Riba inaushinda mkopo wenyewe."

"Na ile ya kumi na tano?"

Hiyo Gaudens hakuweza kuihesabu kwa simu, maana kila mwezi deni linapungua na riba inapungua nalo. Ndipo walipokwenda kwa Violeth.

Violeth alikuwa ofisa mikopo wa benki nyingine, tawi la karibu na Msimbazi, dada mwembamba wa miaka thelathini na kitu aliyeongea kwa sauti ya chini na kuandika kwa herufi kubwa. Hakusifia neti za mtu. Aliwawekea mbele ratiba tatu za marejesho, akageuza kioo cha kompyuta yake wakaona wote.

"Riba yetu ni kumi na tano, lakini inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Mkichukua miaka kumi, rejesho ni milioni moja na laki mbili na elfu tisini. Jumla mtalipa milioni mia moja hamsini na tano hivi."

Gaudens na Blandina wakageukiana. Kumi na tano ilikuwa nafuu kuliko kumi na moja, kwa milioni kumi na tatu.

"Watu wengi wanaangalia asilimia tu," Violeth alisema. "Mimi mwenyewe kabla sijaanza kazi hii niliwahi kukopa hivyohivyo. Sasa, hii ya pili ni ya miaka ishirini. Rejesho linashuka mpaka milioni moja na elfu hamsini na tatu. Inavutia, sivyo? Angalieni jumla yake huku chini."

Waliangalia. Milioni mia mbili na hamsini na mbili na ushei. Gaudens alitoa mluzi mdogo.

"Mnaokoa laki mbili na kitu kwa mwezi, mnaongeza karibu milioni mia kwenye jumla. Na kuna gharama nyingine lazima niwaambie sasa, msije mkasema nimewaficha: mthamini, mwanasheria, bima ya nyumba, bima ya maisha ya mkopaji, na ada ya kuandikisha rehani. Hizo hazimo kwenye rejesho."

Blandina alikuwa ameinama karibu na kioo, kidole kikitembea kwenye safu ya katikati, ile iliyoonyesha katika kila rejesho kiasi gani kimekwenda kwenye riba na kiasi gani kwenye deni lenyewe. Mwezi wa kwanza, riba ilikuwa milioni nzima. Deni lilipunguzwa na kile kilichobaki.

"Dada Violeth. Nikileta milioni mbili nje ya rejesho, inakwenda wapi?"

"Yote inakwenda kwenye deni. Hata shilingi moja haiendi kwenye riba."

"Na mwezi unaofuata riba inahesabiwa kwenye kilichobaki."

"Ndiyo."

Blandina akakaa vizuri kwenye kiti. Aliona mwaka wake wa biashara wote pale mbele: mwezi wa Ramadhani, kila mtu anataka kubadilisha mapazia kabla ya Idi, halafu Idi Kubwa, kisha Novemba na Desemba, Wachaga wanapokwenda nyumbani na kila nyumba ya Moshi mpaka Rombo inataka kuvaa vipya. Halafu Januari na Februari, ada za shule, duka linakuwa kimya mpaka unasikia feni. Mtu wa biashara ya namna hiyo hafai kufungwa na rejesho kubwa la kila mwezi. Anafaa kufungwa na dogo, akaachiwa mlango wa kuongeza.

"Tupe ya miaka kumi na tano," alisema. "Rejesho liwe ambalo hata Januari tunaliweza. Halafu mimi niwe naleta cha ziada kila msimu."

Ilikuwa milioni moja na laki moja na elfu ishirini. Gaudens aliitazama namba hiyo, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mzee apande ngazi zile, alicheka.

Lakini kutaka ni kitu kimoja, kupewa ni kingine. Benki haikuruhusu rejesho lizidi nusu ya mshahara, na nusu ya mshahara wa Gaudens haikufika milioni. Ilibidi pato la duka lihesabiwe. Faili likapanda kwa meneja wa tawi, Bwana Zakayo, likarudi na jibu la hapana. Biashara haina mapato ya uhakika.

Violeth aliwapigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na masikitiko. "Nimejaribu. Labda mtafute mdhamini."

"Nataka kuonana na meneja," alisema Blandina.

"Mama, faili limeshaandikwa."

"Naomba nionane naye. Dakika kumi."

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Alibeba taarifa za benki za miaka mitano, risiti za mashine na vyeti vya kodi, kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu ambao kitambaa cha pazia huja nao. Gaudens aliomba ruhusa kazini wakaenda pamoja.

Bwana Zakayo alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayechoka na watu wanaomlilia. Alifungua faili. "Mama, sikukataa kwa dharau. Tazama. Januari umeweka laki nne benki. Desemba umeweka milioni kumi na moja. Mimi nikikupa mkopo, Januari utanilipa nini?"

"Januari atakulipa mume wangu," alisema Blandina. "Mshahara wake unatosha rejesho, ila kanuni yenu ndiyo inauona hautoshi. Mimi sijaja na Januari. Naomba uangalie Desemba zote tano."

Akazitoa, akazipanga juu ya meza. Kila Desemba ilikuwa imeipita ya mwaka wa nyuma. Akapanga na miezi ya Idi, ambayo kwenye karatasi ilionekana kama vurugu kwa sababu kila mwaka ilirudi nyuma siku kumi hivi. Alipoweka kidole na kusema, hii Idi, hii Idi, hii Idi, vurugu ikawa mstari.

"Mwezi na mwezi napanda na kushuka. Mwaka na mwaka sijawahi kushuka. Naomba unihesabu kwa mwaka."

Bwana Zakayo alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu, akiuliza hili na lile: kodi ya fremu ya duka, mzigo unatoka wapi, nani anauza yeye akiumwa. Aliuliza kama mtu aliyeanza kutaka kukubali. Mwisho akafunga faili. "Hili naweza kulipeleka makao makuu kwa maelezo yangu."

"Kuna jambo jingine," alisema Blandina, na Gaudens akamkanyaga mguu chini ya meza, maana watu wakishakubali unaondoka. Yeye hakuondoka. "Kwenye mfano wa mkataba wenu niliopewa, ukurasa wa sita, kuna tozo ya asilimia tatu kwa anayelipa kabla ya wakati. Mpango wangu wote ni kulipa kabla ya wakati. Naomba hiyo iondolewe."

Bwana Zakayo alimtazama, kisha akamtazama Violeth aliyesimama mlangoni, kisha akaanza kucheka taratibu. "Miaka yote niko kwenye kiti hiki, watu wanakuja kuniomba niwasamehe kuchelewa. Wewe unaomba usiadhibiwe kwa kuwahi."

"Ndiyo, baba."

"Nitaliandika na hilo. Siahidi."

Siku zilikwenda, Idi ikasogea. Mthamini alikuja, akapima vyumba, akagonga kuta. Mwanasheria alikwenda kukagua hati. Makao makuu yalikuwa kimya. Na mtu wa viatu, aliyesikia kwamba kuna wapangaji wanahangaika na benki, akapandisha: milioni mia moja na arobaini.

Mzee Awadhi aliwaita Upanga. Walimkuta amekaa barazani, simu kwenye paja, uso umemshuka.

"Mwanangu wa Tanga amenipigia leo mara nne. Anasema baba umezeeka vibaya, unaacha milioni ishirini chini. Mimi neno nimeshalitoa. Lakini nipeni kitu cha kumnyamazishia. Leteni hizo arobaini zenu tuandikishane kwa mwanasheria, ili nimwambie nyumba imeshauzwa, inasubiriwa salio."

Kutoa arobaini kabla benki haijasema ndiyo! Kama benki ingekataa, wangezidai kwa mzee ambaye mwanawe ndiye angeshika fedha. Walipovuka Barabara ya Bibi Titi wakirudi, Gaudens alimgeukia mkewe.

"Tarsis akisikia ataniita kichaa," alisema.

"Wewe unasemaje?"

Gaudens alisimama pembeni, watu wakiwapita. Alikuwa mtu wa kupima, asiyependa kusukumwa, na Blandina alijua kwamba hapa hana haki ya kumsukuma. Zilikuwa hela zao wote. Akasubiri.

"Ulipokuwa unampangia yule meneja zile Desemba," alisema hatimaye, "nilijiambia, kama mimi ndiye benki, ningempa mwanamke huyu. Sasa nitakuwaje na imani ndogo kuliko benki? Tukatoe."

Walizitoa. Waliandikishana mbele ya mwanasheria, mzee akiweka sahihi yake ya herufi za Kiarabu, polepole. Siku tatu kabla ya Idi, Blandina akiwa juu ya ngazi anamshushia mteja wa Songea robota la rangi ya maziwa, simu ikaita. Violeth hakusalimia.

"Mama, umepita! Milioni themanini, miaka kumi na tano. Na tozo wameiondoa, sharti ni moja tu: kila ukileta cha ziada, kisipungue milioni moja kwa mkupuo!"

Blandina aliteremka ngazi. Aliketi juu ya robota. Mteja wa Songea akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, kaka," alisema, machozi yanamtiririka, anacheka. "Nimenunua nyumba. Kitambaa hiki chukua kwa bei niliyonunulia."

Hivyo ndivyo marejesho yalivyoanza. Tarehe ishirini na tano ya kila mwezi, mshahara wa Gaudens ulipoingia, rejesho lilikatwa lenyewe. Chakula, ada ya Nice aliyekuwa kidato cha pili, umeme na maji, vyote vilihamia dukani. Na msimu ulipofika, Blandina hakuiacha hela ilale hata wiki. Alipanga foleni tawini na risiti ya kwanza ya ziada aliitazama kwa muda: milioni mbili, zote kwenye deni. Violeth alimtolea ratiba mpya, na pale mwisho, miezi kadhaa ilikuwa imefutika.

"Ona, imekatika mkia," alimwambia Gaudens.

Ikawa kawaida yao. Kila Idi na kila Desemba waliukata mkia. Milioni tano mwaka wa kwanza, tano wa pili, tano wa tatu. Majirani walinunua magari. Wao walipanda ngazi kwa miguu. Kuna Krismasi moja hawakwenda Rombo kabisa, na mama yake Gaudens alinuna mpaka Pasaka.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Ndege zilisimama, mzigo wa Blandina ukakwama Guangzhou, wateja wa Moroni na Lubumbashi wakafungiwa kwao. Idi ilipita duka likiwa na rafu nusu tupu. Wenzake watatu wa Narung'ombe waliokuwa na marejesho makubwa walihangaika. Mmoja aliuza gari, mwingine akafunga fremu na kurudi Mbinga. Tarsis alipiga simu akiwa na hofu ya kweli.

"Shemeji, benki imesemaje?"

"Haijasema kitu, shemeji. Rejesho linalipwa. Mkia ndio hatuukati mwaka huu."

Hawakuukata mwaka ule, wala uliofuata. Waliishi kwa kubana, maharage yakabadilishana na mchicha, Gaudens akaacha bia. Lakini ile milioni moja na laki moja na elfu ishirini, waliyoichagua kwa kuifikiria Januari, mshahara uliibeba mwezi baada ya mwezi, na hakuna barua yoyote ya kuchelewa iliyowahi kupanda ngazi zile.

Mipaka ilipofunguka, Wakongo walirudi kwa pupa. Nyumba zilikuwa zimekaa miaka miwili na mapazia ya zamani. Blandina aliuza mpaka sauti ikamkauka. Mwaka ule alipeleka benki milioni saba za ziada, na uliofuata saba tena. Riba, ambayo mwezi wa kwanza ilikula milioni nzima, sasa ilikuwa inaambulia makombo, na rejesho karibu lote lilikuwa linaangukia kwenye deni. Gaudens aliisoma safu ile ya katikati kila mwezi kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira.

Wakamaliza deni katika mwaka wa nane. Kati ya miaka kumi na tano, walitumia saba na miezi kadhaa. Gaudens alijumlisha hela zote walizoilipa benki: hazikufika milioni mia moja na arobaini. Ile kumi na moja yenye tai ya bluu ingewachukulia mia na sitini na nane, na bado wangekuwa na zaidi ya miaka miwili mbele.

Siku ya kuchukua hati, Violeth, ambaye sasa alikuwa amepanda cheo, alishuka mwenyewe kutoka ghorofa ya juu. Bwana Zakayo alikuwa ameshastaafu. Alituma ujumbe wa sauti, anacheka kicheko chake cha taratibu, akisema yule mama wa Desemba apewe salamu. Blandina alisaini, Gaudens akasaini. Hati ilikuwa na majina yao wote wawili. Violeth aliiweka mikononi mwa Blandina, akamkumbatia, na wahudumu wa dirishani wakapiga makofi, hata watu wa kwenye foleni wasiojua ni kwa nini.

Gaudens alitaka wachukue bajaji. Blandina akakataa.

"Leo natembea katikati ya barabara."

Wakapita Msimbazi, wakakata Mtaa wa Narung'ombe. Habari ilishatangulia. Wauza pete za mapazia walitoka vibarazani, mama wa chapati akapiga kigelegele, wabeba mizigo wakasimamisha mkokoteni wao kumpisha kama anapita bibi harusi. "Mama Nice, imekwisha?" "Imekwisha!" "Yote?" "Yote!" Kila aliyeuliza alijibiwa upya, kwa sauti ileile.

Nyumbani, Nice, ambaye sasa alikuwa muuguzi wa mwaka wa kwanza kazini, alishawasha majiko mawili. Pilau upande huu, mtori upande ule. Tarsis, amevaa suti, alikuwa amefika kutoka Kibaha na mbuzi aliyechinjwa. Alisimama sebuleni, akatazama dari, akatazama kuta, akafungua na kufunga mlango wa chumba kana kwamba hajawahi kuuona. Kisha akamshika Blandina mikono yote miwili.

"Shemeji, niliogopa kwa ajili yenu."

"Najua, shemeji. Hata mimi niliogopa."

"Sikukuona ukiogopa."

"Nilikuwa na kazi."

Tarsis alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Watu walizidi kuja, wakajaa sebuleni, wakajaa ngazini, sahani zikipokezanwa juu ya vichwa. Gaudens akafungua bia yake, akasimama ili aseme maneno mawili kama mwenye nyumba. Akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi, akainua chupa juu, na sebule nzima ikashangilia.